Koti la Mzee Abdiel

Haya yalimkuta rafiki yangu Elihuruma, fundi cherehani wa Maji ya Chai, miaka ile ya mgao wa umeme. Si mtu wa kuzua. Hata pombe ya mbege haonji.

Mzee Abdiel, mteja wake, alikuwa amefariki. Ujanani, kabla dawa za kifua kikuu hazijafika, madaktari walimtoa mbavu za kushoto ili pafu bovu libonyee, lipumzike. Akapona, lakini kifua kikabaki na shimo, na Elihuruma alimkatia makoti membamba upande huo.

“Safari hii shona sawa pande zote, mwanangu,” mjane alimwambia. “Nataka aende kwa Mungu akiwa mzima.”

Akashona. Jioni, ndugu wakiimba uani, alimvalisha marehemu, akasindilia pamba kwenye lile shimo, akafunga vifungo. Umeme ukakatika.

Gizani akasikia pumzi ikivutwa, taratibu, ndefu mno, kisha nyuzi za koti zikilia kwa kukazwa. Hakuthubutu kusogea.

Mjane akaingia na chemli.

“Asante, mwanangu. Kifua kimejaa kweli.”

Kilikuwa kimejaa, vifungo vimekaza. Elihuruma akatazama chini. Pamba yote ilikuwa sakafuni.