Chupa Isiyotoka Ziwani

Kabla ya alfajiri, kifuniko cha birika kilianza kugonga jikoni. Tarald alikuwa macho. Hakuwa amelala vizuri tangu Solfrid, mpimaji wa maji, apige simu kusema anakuja.

"Mgeni anakuja, nawe umenuna," alisema mkewe, Gudveig. "Utamtisha mtoto wa watu!"

Kila mwezi Tarald alijaza chupa kwenye ziwa la mlimani, akampelekea Solfrid.

Solfrid alifika, akavua buti mlangoni.

"Mzee Tarald, chupa ya mwisho haina tindikali kabisa! Wakubwa wangu wanataka kuacha kumwaga ziwani chokaa ya kupunguza tindikali."

Tarald aliinamisha kichwa.

"Si maji ya ziwani," alisema. "Theluji ilifika kiunoni, goti likauma. Nilijaza hapo bombani."

Maji ya bomba lao hupita kwenye chujio la chokaa.

"Na mimi nikakukanda goti usiku kucha," Gudveig alifoka, "eti umetoka mlimani!"

Tarald alitamani ardhi immeze. Solfrid alimsogezea sahani ya mkate.

"Afadhali umesema, mzee wangu. Zamani moshi wa viwanda vya mbali ulichafua mawingu. Mvua ikashuka na tindikali, mayai ya samaki yakafa."

"Najua. Nililiona ziwa likifa."

"Nchi zikapunguza moshi, mvua ikawa safi zaidi. Lakini udongo wetu uliishiwa chokaa, nao hupona polepole. Theluji ikiyeyuka, tindikali hupanda tena. Siku chache tu zinatosha kuua samaki wachanga."

"Kumbe ningewaua mimi," alisema Tarald.

Siku hiyohiyo walipanda mlimani wote watatu. Solfrid alitoboa barafu. Gudveig, ingawa bado amenuna, alimshika mumewe mkono. Walisuuza chupa mara tatu kwa maji ya ziwa, wakaijaza, wakaandika tarehe.

"Goti likiuma, nipigie simu," alisema Solfrid. "Chupa ikikosekana, tutajua imekosekana. Ya uongo hutupoteza."

Chokaa haikusimamishwa. Mwezi wa Juni, Solfrid aliwaonyesha samaki wadogo aina ya trauti, wembamba kama njiti, wakicheza maweni. Gudveig alicheka kwa furaha. Tarald alitazama maji tu. Macho ya Solfrid bado hakuweza kuyakabili.

Solfrid alipowasha gari, mzee alisogea dirishani.

"Uje tena, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Hata kama ni kunikagua."