Kahawa ya Lamis

Lamis alikuwa ameinamia sinia la buni, anatenga mbovu na nzima, aliposikia mwanamume akiuliza kama iliki ni ya mwaka huu. Mkono wake ulisimama. Sauti hiyo angeitambua hata katikati ya kelele za soko zima la Akka siku ya Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi, watu wamebanana chini ya dari la mawe, wauza samaki wanatukanana kwa mapenzi, na mzee wa juisi ya komamanga anaapa kwa wafu wote wa ukoo wake kwamba hajatia maji.

Hakukimbilia kuinua kichwa. Alijifuta mikono kwenye aproni, akautengeneza uso, ndipo akatazama. Adham wa Yafa huyo, na shati jeupe la kitani, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, ndevu zimechongwa vizuri. Amependeza, mshenzi huyu. Hilo ndilo lililomkera zaidi.

"Lamis?" Adham alibadilika rangi. "Sikujua... duka la marehemu baba yako si lilikuwa kule kwenye lango la mji?"

"Nilihama. Kule walinicheka mno."

Na kweli walimcheka. Kwa watu wa Akka, wazee wa posa wakifika huwekewa kahawa mbele yao, na hawaigusi mpaka msemaji wa upande wa binti atamke, "Kunyweni kahawa yenu." Akitamka, binti kapatikana. Asipotamka, wageni huinuka na vikombe vyao vimejaa, na mji mzima hujua kabla hawajafika barabarani. Lamis hakuambulia hata hilo. Miaka mitatu nyuma alivaa gauni jeusi la bibi yake lenye tarizi nyekundu, wazee wa ukoo wakakaa sebuleni, kahawa ikamiminwa. Ami yake, Abu Ghazi, aliyekwenda langoni kuwapokea wageni kutoka Yafa, alirudi peke yake akitikisa kichwa: hajaona mtu. Vikombe vilipoa. Adham alipopiga simu baadaye Lamis aliikata, akaikata tena, kisha akamfungia kabisa. Tangu siku hiyo kitu chochote kikichelewa sokoni, hata samaki, watu husema, "Imekuwa kahawa ya Lamis."

Leo mwenyewe kasimama mbele yake anataka iliki.

"Kidole hakina pete," Adham alisema kwa sauti ya chini.

"Na macho yako bado hayana adabu."

Adham akacheka, kicheko kilekile cha zamani, na hapo hapo Lamis akajua atakachomfanyia. Atamvuta. Atamrudisha mpaka alete wazee wake tena, awakalishe sebuleni mbele ya vikombe vilivyojaa, halafu wainuke na kiu yao. Alitaka aumie, na aumie mbele za watu. Alimpimia iliki kwa ukarimu, akamwandikia namba mpya ya simu juu ya mfuko.

Simu zikaanza.

"Unafanya nini, roho yangu?"

"Nakaanga buni."

"Harufu imefika mpaka Yafa."

"Kwa pua hiyo yako, wala sishangai."

"Pua hii hii uliwahi kuisifia."

"Nilikuwa mdogo, sijaona nyingine."

Mara moja Adham alijaribu kuingia kwenye lile jambo. "Lamis, siku ile pale langoni..."

"Siku ile usinitajie. Ukiitaja nakata."

"Basi, basi. Sitaji."

Shoga yake Nuha, muuza viungo wa duka la pili, alikuwa akiyatazama hayo yote mikono kiunoni. "Wewe unasema unamtega. Mbona jana ulikuwa unaichekea simu hata baada ya kukata?"

"Nilikuwa nafanya mazoezi."

"Mazoezi! Haya. Usije ukaumia misuli."

Adham alipotamka kwamba analeta wazee, Lamis alikwenda moja kwa moja kwa ami yake. Abu Ghazi alikuwa na sauti nene na joho la sufu, na hakukuwa na posa ya maana Akka ambayo hakuitwa kuisemea. Alikalishwa mbele kila mahali, na alipapenda.

"Wakija, ami, waache na vikombe vyao. Usiseme wanywe."

Abu Ghazi hakuuliza hata sababu. Alimbusu kwenye paji la uso. "Niachie mimi, mwanangu." Furaha yake ilimshangaza Lamis kidogo, lakini alikuwa na hasira zake mwenyewe za kushughulikia.

Wageni walifika baada ya swala ya alasiri. Lamis alivaa gauni lilelile la tarizi. Alipika kahawa mwenyewe, akaitia iliki, vikombe vikapelekwa, naye akabaki nyuma ya mlango na mdila wa kahawa mkononi. Alimwona Adham kupitia upenyo, amevaa suti ya kijivu, anakitazama kikombe asichoruhusiwa kukigusa. Moyo ulimlegea. Akaukaripia.

Mzee Abu Wisam, mkubwa wa ukoo wa Adham, alisimama kusema.

"Jamaa, sisi si wageni wa jambo hili. Miaka mitatu iliyopita tulifika mpaka langoni kwenu. Abu Ghazi mwenyewe alitupokea, akatuambia binti kapewa mwanawe Ghazi, binamu yake, na binamu ndiye mwenye haki ya kwanza. Tukaheshimu, tukarudi. Sasa tumesikia Ghazi kaoa kwingine, ndiyo maana mnatuona tena."

"Mzee wangu," Abu Ghazi alimkata haraka, "ya zamani tuyaache, tuingie kwenye..."

Mlango ukafunguliwa.

"Ami, uliniambia hukuona mtu langoni."

"Lamis, wanaume wanazungumza."

"Na wazungumze. Mimi nauliza. Uliwaona au hukuwaona?"

Abu Ghazi alilivuta joho lake. "Nilikutakia mema. Ghazi alikuwa..."

"Ghazi hakunitaka, na mimi sikumtaka. Wewe ndiye uliyetaka duka la baba liingie nyumbani kwako." Lamis alimsogelea. "Miaka mitatu unakaa mbele kwenye posa za watu, unakunywa kahawa zao, na mimi unaniona nachekwa mpaka na wauza samaki!"

Akamgeukia Adham. "Na wewe. Uliambiwa, ukaamini."

"Nilipiga simu. Ukanikatia."

"Na miguu je? Nayo nilikukata?"

Adham aliinamisha kichwa. "Kiburi, Lamis. Nilisema kama kachagua binamu yake, sitakwenda kujidhalilisha."

"Hiyo kahawa iliyo mbele yako imeshapoa. Inywe."

"Binti," alisema Abu Wisam, "hatujaambiwa tunywe."

"Ninyi wengine msiguse. Anywe yeye."

Adham alikichukua kikombe, akakinywa chote mpaka mashapo, bila kukunja uso.

"Tamu?"

"Mbaya mno."

"Ndiyo niliyokunywa mimi miaka mitatu."

Mtu mmoja nyuma alishindwa kujizuia akacheka, na Lamis mwenyewe alikaribia. Akatazama pembeni, alipokaa Sabri, kaka wa mama yake, mshona magodoro ambaye maisha yake yote hakuwahi kusimama kuzungumza kwenye baraza lolote.

"Mjomba. Leo wewe ndiye utakayesema."

Sabri aliinuka, masikio yamemwiva. "Unamtaka kweli, mwanangu?"

"Namtaka," alisema Lamis. "Nitamtesa, lakini namtaka."

"Basi wawekeeni wageni kahawa ya moto," Sabri alisema, akafikiri kidogo. "Na kunyweni kahawa yenu."

Vigelegele vililipuka kutoka jikoni. Vikombe vikabadilishwa, na Lamis akazunguka na mdila, akimmiminia mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa Abu Ghazi alimpita, akammiminia jirani yake. Kikombe cha awali kilibaki mbele ya ami yake, kimejaa, na katika wazee wote wale hakuna aliyemwambia akinywe. Alikitazama kidogo, kisha akakusanya joho lake akatoka.

Asubuhi yake samaki walichelewa kufika sokoni. Wanunuzi wakaanza kulalamika, na muuza samaki akapiga meza yake kwa kisu.

"Nifanyeje, jamani? Leo imekuwa kahawa ya Abu Ghazi!"

Lamis alikuwa ameinamia sinia lake la buni. Hakuinua kichwa, ila mabega yake yalikuwa yanacheka.