Odowa Mfukoni mwa Sheryl

Jioni, kama ilivyokuwa ada siku hizi, Sheryl alisonga ugali wa mtu mmoja. Alikaanga omena, wale dagaa wa ziwani, nje, mbali na mlango, kisha akala peke yake akiwa ameelekea ukuta. Baba yake, Obiero, alikata miwa Muhoroni na alirudi nyumbani Dunga mwisho wa mwezi tu. Mama yake, Beldina, alikuwapo, lakini kuwapo kwake kulikuwa sawa na kutokuwapo.

Zamani Beldina aliuza omena ufuoni, na kwa porojo hakuwa na mshindani. Tangu apate ujauzito, harufu ya samaki ilimchafua roho. Alilala kutwa, midomo imepauka, akinywa chai ya rangi na kutafuna odowa, yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni. Wajawazito wengi wa huko huyatafuna, kama walivyofanya mama zao. Lakini Beldina alipita kiasi: odowa ndiyo iliyokuwa kiamshakinywa, na ndiyo iliyokuwa chajio. Na aliyetumwa kununua ni nani? Ni Sheryl huyohuyo. Baba akipiga simu, Beldina humwambia kwamba anakula vizuri, huku amemkazia bintiye macho.

Siku moja mwalimu wa sayansi, Bwana Mukhwana, aliwafundisha akina Sheryl kwamba ubongo wa mtoto huanza kujengwa angali tumboni, kutokana na chakula anachokula mama. Wenzake walipotoka kwenda kucheza, Sheryl alibaki darasani. Mtoto wao alikuwa akijengwa kwa nini, kwa udongo? Alitamani kumwambia mtu, lakini siri ya mama ataipeleka kwa nani? Alijihisi mpweke mno.

Siku ya kliniki alimsindikiza mama yake. Muuguzi, Sista Agneta, alipima damu akakunja uso. Ilikuwa imepungua sana. Aliuliza Beldina anakula nini. Beldina, bila kupepesa jicho, akataja samaki, mboga, maharagwe na mayai, karamu nzima ya harusi. Mkono wa Sheryl ulikuwa mfukoni mwa sweta, umeshika kipande cha odowa alichotumwa kununua asubuhi. Akakitoa, akakiweka mezani.

"Mama anakula hiki," alisema. "Hali kingine."

Beldina alimtazama kana kwamba hamjui. Sista Agneta hakufoka. Alivuta kiti akaketi karibu na Beldina.

"Mama Sheryl, mficha uchi hazai," alisema. "Udongo huu unakushibisha uongo na kuunyima mwili madini ya chuma. Damu ikikosekana, wewe uko hatarini, na ubongo wa mtoto unajengwa bila matofali."

Alimpa vidonge vya kuongeza damu, akamwonya asivimeze kwa chai. Kuhusu samaki, alimshauri ajaribu kidogo kidogo, kwa mapishi yasiyonuka sana.

Njiani Beldina alitangulia bila kumngoja. Sheryl alimfuata nyuma huku machozi yakimtoka. Alikuwa amempoteza baba kwa miwa, na sasa mama kwa ulimi wake mwenyewe.

Hata hivyo, jioni hiyo aliwaosha omena kwa maji ya moto, akawakamulia ndimu, akawakaanga hadi wakakauka kabisa. Aliwapakua pamoja na sukuma wiki, akaacha sahani karibu na kitanda cha mama, akarudi kwenye ukuta wake. Punde akasikia kigoda kikiburutwa. Beldina aliketi kando yake, sahani mkononi.

"Leo hawanuki sana," alisema, akatafuna polepole. Hakumaliza, lakini alikula.

Kesho yake alikula zaidi, na odowa haikununuliwa tena. Damu iliongezeka, na porojo nazo zikarudi. Miezi ilipotimia, akajifungua mtoto wa kiume mwenye afya, aliyelia mpaka majirani wakajua.

Obiero alipofika kumwona mtoto, Beldina alimsimulia yote bila kujificha. Kisha akamvuta Sheryl karibu.

"Nilikukasirikia, mwanangu, nawe ulikuwa umeniokoa," alisema. "Mjamzito hali kwa ajili yake tu, anajenga akili ya mtoto. Na siri inayomdhuru mtu haifai kutunzwa, hata iwe ya mama yako."

Sheryl aliinuka akaenda kusonga ugali, na safari hii alichukua sufuria kubwa.