Nafasi ya Kiti cha Mbele

Mlango ulijifunga taratibu, kama unavyofungwa na mtu mwenye adabu, na Nasiba alidhani ni upepo.

Ilikuwa asubuhi ya kwanza ya gari lao. Tangu arudi kazini baada ya kujifungua, Nasiba alikuwa akitoka Munigi alfajiri, akipanda pikipiki hadi Majengo, akibanwa ndani ya teksi hadi mjini, kisha akitembea kwa miguu mpaka Himbi, alikopiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Jioni ilikuwa njia ileile kinyumenyume. Alifika maziwa yamelowesha blauzi na mtoto wake, Umi, amelala kwa kuchoka kulia. Ndiyo maana Hemedi, mume wake, alinunua gari hili dogo jeupe lililozeeka kidogo, ili mama Umi aende kazini ameketi na arudi angali na nguvu za kunyonyesha.

Basi aliingia mbele na kufanya vile alivyozoea. Katika teksi za Goma kiti cha mbele ni cha watu wawili. Anayeingia kwanza hujisogeza karibu na gia, huacha mlango wazi na kumngoja mwenzake. Nasiba alijisogeza, akaacha mlango wazi, akangoja. Hemedi akacheka.

"Mama Umi, unangoja nani? Hii si teksi."

Nasiba naye alicheka kwa haya. Ili kuficha kosa lake aliugeukia mlango akasema, "Ingia basi, mama, nafasi iko. Twende." Mbele yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na yale mawe meusi ya volkano yaliyomeza nyumba za majirani, na mvuke wa umande ukipanda juu yake.

Ndipo mlango ulipojifunga.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha. Wiki ya pili Nasiba alianza kulala njiani. Akipanda tu, macho yalikuwa mazito, na alipofumbua alikuwa getini Himbi. Angepaswa kuamka na nguvu, lakini miguu ilimuuma kuliko zamani alipotembea. Kila siku Hemedi alilazimika kumsukuma kwa kiwiko ili abadilishe gia, akimwambia asogee, kiti chote ni chake. Nasiba alijaribu kusogea. Hakuweza kufika mlangoni. Upande ule kiti kilikuwa na joto, na kilitoa harufu ya kiberiti kilichowashwa na kuzimwa kwa maji.

Jioni moja, akiosha miguu, aliona nyayo zake zimechanika. Ndani ya michaniko mlikuwa na mchanga mweusi. Akakaa na beseni lake, akafikiri. Gari lilimchukua mlangoni na kumrudisha mlangoni. Alikanyaga mawe hayo saa ngapi?

Maziwa nayo yalipungua. Umi, mtoto wa miezi sita, alinyonya kidogo, akaachia ziwa, akamtazama mama yake kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Hakumwambia mtu. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi, na angeanzia wapi? Ni Hemedi aliyeanza, jioni wakila. Alisema kwa furaha kwamba gari limembadilisha mke wake, siku hizi anaongea toka Munigi hadi Himbi bila kupumzika.

Nasiba akaweka chini tonge la ugali. "Nasema nini?"

"Mambo ya mutoto tu. Unaniuliza analalia upande gani. Ananyonya mara ngapi. Analia vipi akiwa na njaa." Hemedi akaanza kucheka, halafu hakumaliza. "Umesahau?"

"Papa Umi," Nasiba alisema kwa sauti ya chini, "mimi njiani ninalala."

Asubuhi mvua ilinyesha, matope yalikuwa mengi, na kazi haingoji. Nasiba akapanda.

Jioni ya siku hiyo alisinzia getini Himbi, Hemedi alipowasha gari, na alipozinduka alikuwa amesimama. Alikuwa peku kando ya barabara ya Majengo, katikati ya watu waliotoka sokoni na vijana wanaosukuma chukudu zao, baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilizojaa makaa, jua bado halijazama, na nyayo zilimwaka kama za mtu aliyetembea tangu Himbi. Gari dogo jeupe lilimpita polepole, karibu kabisa, akamwona Hemedi ameshika usukani na anaitikia kwa kichwa, na karibu na gia, amejibana vizuri kwenye nusu ya kiti, alimwona mwanamke aliyejifunga kilemba chake yeye Nasiba, mwanamke aliyekuwa akiongea, akiongea bila kugeuka, na mkono wake umeshika ziwa la kushoto kama anavyoshika mama anayeharakisha kwenda kwa mtoto mwenye njaa.

Nasiba alikimbia. Alipanda pikipiki ya kwanza aliyoiona na kumwomba kijana asisimame popote, na njia nzima ya kupanda Munigi, miguu ikivuja damu na upepo ukimziba pumzi, alirudia neno moja tu, jina la mtoto, kwa sababu aliogopa kwamba akiacha kulitaja, yule mwingine atalitaja kabla yake.

Mlangoni alimkuta bibi Mwavita, mama wa Hemedi, akichambua maharage. Bibi alimtazama usoni, akatazama miguu, punje zikamponyoka.

"Unatoka wapi? Si umeingia sasa hivi kunyonyesha mutoto?"

Kutoka chumbani ilisikika sauti ya mtoto anayenyonya kwa pupa.

Nasiba aliingia. Umi alikuwa peke yake kitandani, amefumba macho, midomo inavuta hewa. Godoro kando yake lilikuwa limebonyea, na likainuka polepole mbele ya macho ya mama yake. Kwenye kidevu cha mtoto palikuwa na tone jeusi, na chumba kizima kilinuka kiberiti.

Kesho yake Hemedi alimleta maalim Aruna, mzee mwembamba mwenye asili ya Maniema aliyefundisha watoto Kurani. Alifukiza ubani, akalizunguka gari akisoma, kisha akasimama kwenye mlango wa mbele na kuuliza swali moja, nani alimkaribisha. Nasiba aliinamisha kichwa, akasimulia mzaha wake.

Maalim hakumlaumu. Alisema kwamba majini wa mawe yale nao huchoka na kutamani kiti, na aliyeitwa mama atatafuta mtoto. "Ulimupandisha kwa kinywa chako," alisema. "Mushushe kwa kinywa chako, palepale. Na kuanzia leo, kiti hicho kisiache nafasi."

Gari likasimama penye mawe meusi. Nasiba akafungua mlango. "Mama," alisema, "tumefika. Shuka."

Kiti kilipumua. Upande wa mlango ukainuka, na kokoto zikalia juu ya mawe, moja, nyingine, nyingine, zikienda mbali.

Hemedi aliligeuza gari kuwa teksi, wawili mbele, wanne nyuma, na haliondoki kabla halijajaa. Nasiba alirudia njia yake ya zamani ndani yake, amebanwa na mabega ya watu na ndoo za samaki wa soko la Kituku, na hakuwahi kupenda mabega ya watu namna ile. Miguu yake ilipona. Maziwa yalirudi.

Mwezi ulipita. Jioni moja alifika amechoka hata salamu ilikuwa kazi. Bibi Mwavita alimwambia kwamba mtoto amelala, amemlaza katikati ya kitanda, mito huku na huku.

Umi hakuwa katikati. Alikuwa amejisogeza mpaka ukutani, amejibana ubavu mmoja, kama abiria anayemngoja mwenzake. Mito ilikuwa sakafuni.

Nasiba alisimama na mfuko wake mkononi. Hakusema neno, wala la kufukuza, kwa maana aliogopa kinywa chake. Akavua viatu, akajilaza kwenye ile nafasi, akaijaza yote kwa mwili wake mzito, na mgongoni akasikia shuka lina joto.