Soka Amekaa Mbele ya Keji

“Laki sita zangu, mama! Si tano na nusu, si kesho. Laki sita!”

“Punguza sauti, wewe Étienne. Hapa si soko.”

“Soko iko na haki kuliko hapa! Uliniuzia imbwa ya shetani!”

Hapo ndipo Ayikoru alipowaka. Mwite mkali, atacheka. Mwite mbishi, atakubali. Lakini usimwite mwuza mbwa. Alivaa magwanda miaka kumi na tisa, akatoka jeshini na goti bovu na ujuzi mmoja tu, kuishi na mbwa wa kunusa baruti. Sasa, nyuma ya nyumba yake mtaani Awindiri, alipokea mbwa waliostaafu, akawakanda miguu, akawatafutia watu wa kuzeeka nao. Anayemchukua mbwa hutoa laki sita za sindano, dawa na posho. Mbwa mwenyewe hana bei.

“Kuuza?” Ayikoru alimsogelea mpaka Étienne akarudi nyuma hatua. “Mimi nilikuuzia? Pesa ile iko kwa tumbo ya mbwa hawa. Wapasue, uichukue!”

Étienne, Mkongo mwenye duka la vitenge mjini Koboko, karibu na mpaka, alikuwa mtu wa kupunguza bei hata ya chumvi. Akalegeza sauti. “Basi mama, tuseme laki tano. Na imbwa miye sikurudishii. Sheikh Muzamili anakuja leo jioni kuimaliza, atoe ile kitu iko ndani yake.”

“Kummaliza nani? Soka?”

“Iko natesa muke wangu! Tangu Ijumaa, kila fasi muke anaenda, inamufuata, inakaa mbele yake. Haibweki. Haili. Inakaa tu, inamuangalia. Batu wa mtaa wote wanasema ilitoka na jini kule Somalia.”

Ayikoru aliacha kumsogelea. Mbwa yule alikuwa amekataliwa na nyumba tatu kabla ya Étienne, kwa kuwa nyonga zake zimechoka na meno yamebaki machache. Daktari wa mifugo wa jeshi alikwisha kusema kwamba asipopata makao ya kudumu kabla ya mwezi kwisha, atachomwa sindano ya mwisho. Lakini si hilo lililomsimamisha. Soka hakuwahi kukaa mbele ya kitu bure. Mbwa wa kazi ile hafundishwi kubweka wala kukwaruza, maana ukikwaruza bomu unakufa. Akishanusa baruti, anakaa. Anakazia macho pale pale, hali, hanywi, wala haondoki mpaka alichokipata kiondolewe.

“Twende,” alisema. “Kama kosa ni la mbwa, nitakulipa zote sita, hata nikiuza kitanda. Kama kosa si lake, mbwa anapata amani kwako mpaka afe. Mkono?”

Étienne alitazama ule mkono kana kwamba umeshika nyoka. Kisha akaushika.

Ndani ya Kanta, lori dogo la Étienne, wakielekea Koboko, Ayikoru aliuliza maswali kama askari wa kizuizini.

“Mkeo alikuwa wapi kabla ya Ijumaa?”

“Kwao. Ng'ambo ya mpaka, njia ya Yei.”

“Alienda kufanya nini?”

“Mambo ya kwao.” Étienne alikohoa, akabadilisha gia pasipo na haja.

“Alirudi na gari gani?”

“Na miguu.”

“Na miguu! Kutoka ng'ambo? Na mizigo?”

“Hakukuwa na mizigo. Alisema gari iliharibika njiani.”

Simu ya Étienne iliita juu ya dashibodi. Aliangalia namba, akaigeuza kifudifudi mpaka ikachoka. Ikaita tena. Akaizima.

Ayikoru akajisemea kimoyomoyo, haya, yameiva. Mtu anayetembea kutoka ng'ambo bila mzigo amepita porini, na amepita porini kwa sababu mzigo ameuficha. Baruti inapita mpaka ule kama sukari. Kuna wavunja mawe wanaoitaka, kuna wavuvi wanaoitaka, na kuna wengine ambao bora usiwajue. Kumbe mwenye shetani alikuwa bwana mwenye Kanta. Soka anafanya kazi yake ya uaminifu, halafu wanataka kumchinja ili asiwaumbue! Hasira ilimpanda, akafurahi kuipata, maana hasira aliizoea.

Walifika mvua ikianza kunyesha ndogondogo. Ua wa Étienne ulikuwa na nyumba ya bati, jiko la nje, na mizigo ya vitenge chini ya turubai. Kitu cha kwanza alichosikia Ayikoru kilikuwa ufagio. Shwaa. Shwaa. Mwanamke mrefu, mwembamba, alikuwa ameinama anafagia ua, mgongo kwao. Na mbele yake, wima kama sanamu, amekaa Soka.

Mbavu za mbwa zilikuwa zikihesabika. Bakuli lake lilikuwa limejaa ugali uliokauka, nzi juu yake. Aliposikia sauti ya Ayikoru, mkia ulipiga ardhi mara moja, basi. Macho hayakutoka kwa yule mwanamke.

“Keji,” Étienne aliita kwa sauti ya chini mno. “Mugeni.”

Mwanamke hakugeuka. Kuku mmoja alikuwa akidonoa punje pale anapofagia, na Ayikoru, ambaye amefuga kuku maisha yake yote, aliona jambo dogo ambalo hakulipenda. Ufagio ulipita juu ya kuku yule, ukarudi, ukapita tena, na kuku akaendelea kudonoa, hakuruka, hakuhama, hakuinua hata shingo. Wala juu ya vumbi lililoanza kulowa hakukuwa na mistari ya ufagio.

Akajikaripia. Macho ya safari. Akamgusa Soka begani, akampa amri ya kazi, “Tafuta!”, na mzee yule akainuka kwa taabu, akaanza kuzunguka. Alinusa mizigo ya vitenge yote. Akanusa magurudumu ya Kanta, jiko, choo, chini ya vitanda. Hakuna. Kila mahali hakuna. Halafu akarudi moja kwa moja mpaka miguuni pa Keji, akakaa.

“Njoo,” Ayikoru aliamuru. Akamtupia hata mpira wake wa zamani, ule uliompa jina, mpira ambao kwa ajili yake Soka angeweza kuvuka moto. Mpira ulibingirika mpaka ukutani. Mbwa hakuutazama.

“Mama Keji,” Ayikoru alisema, mkali, “mimi nasema wazi, sipendi kuzunguka. Mbwa huyu anasema wewe iko na baruti kwa mwili. Nitakukagua. Ukikataa, naita polisi.”

Ufagio ulisimama. Keji aliinua mikono kidogo, taratibu, kama mtoto anayevuliwa nguo. Ayikoru alipitisha viganja mabegani, mbavuni, kiunoni, kama alivyofanya kwa mamia ya wanawake vizuizini, na mvua sasa ilikuwa imekolea, yeye mwenyewe blauzi imemganda mgongoni, lakini kitenge cha Keji kilikuwa kikavu, kikavu na chenye ukakasi kama kitu kilichokaa juani kando ya barabara, na kutoka ndani yake ilipanda harufu ambayo Ayikoru hakuwa ameinusa tangu siku gari lililowatangulia liliporushwa juu huko Somalia, harufu ya baruti iliyokwisha kulipuka, si baruti inayongoja, pamoja na mpira ulioungua na udongo na kitu kingine cha ndani ya mtu ambacho hakina jina la adabu. Alivuta mikono. Ilikuwa na masizi hadi viwiko.

“Unatafuta nini, mama?” Keji aliuliza kwa upole. “Kila kitu kilibaki barabarani.”

Akachukua ufagio wake, akaingia ndani. Soka akamfuata, nyonga zikimyumba, akakaa mlangoni.

Ayikoru alisimama mvuani. Alitaka kukasirika, hasira haikuja.

Muzamili alipofika, amevaa kanzu iliyokunjwa juu kwa sababu ya matope, alikuwa na chetezo cha ubani mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Alikuwa mtu mnene mwenye kupenda mzaha. “Dada,” alimwambia Ayikoru, “ondoka kwa njia. Mbwa yako namfanyia kazi ya dakika mbili.”

“Ukimgusa mbwa kabla hujajua, mimi nitakufanyia wewe.”

“Ee! Askari!” Alicheka. Akakiweka kisu chini, akapeleka moshi wa ubani puani kwa Soka, midomo ikisoma. Soka akapiga chafya, akamlamba kidole. “Huyu?” Muzamili aliinuka. “Huyu iko na kiroboto tu. Nani alisema jini?”

“Ingia ndani,” Ayikoru alinong'ona. “Ingia kwa bibi.”

Akaingia. Umeme ulikuwa umekatika, na nje giza lilikuwa limeanza kushika. Walimsikia akisoma kwa sauti, imara, yenye mwendo, kisha sauti ikapanda, ikaanza kurudia neno moja moja kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta mlango, na kati ya maneno yake ufagio ulikuwa ukienda shwaa, shwaa, haukuharakisha wala kuchelewa, mpaka waliposikia mkaa ukizima ndani ya chetezo, tssss, kama umemwagiwa ndoo ya maji, na kusoma kukakoma.

Muzamili alitoka bila mzaha. Alikung'uta mkaa uliokufa, akafunga ubani wake.

“Sheikh, naongeza elfu hamsini,” Étienne alisema haraka. “Maliza kazi.”

“Ongeza, usiongeze.” Sauti ya Muzamili ilikuwa ndogo. “Jini ni mgeni, mgeni anafukuzwa. Yule ndani hapana mgeni. Ile ni mwenye nyumba. Étienne, bibi yako umemfanya nini?”

“Sikumugusa! Wallahi, sikumugusa!”

“Sikusema umemgusa.”

Ndipo bodaboda iliposimama langoni. Aliyeshuka alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la mvua na viatu vya mpira, ametapakaa matope mpaka kifuani. Étienne alipomwona, alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta dirisha.

“Huyu nani?” Ayikoru aliuliza.

“Romano,” Étienne alijibu. “Ndugu ya baba yake Keji.”

Mzee hakusalimia. “Siku ine napiga simu. Siku ine, mkwe, wewe hapana shika.”

“Baba, network…”

“Nyamaza. Alhamisi Keji ilitoka kwetu. Ilikuja kutulilia tungoje, bwana yake atalipa mahari. Tulimwambia, miaka saba tumengoja, rudi, umwambie alete. Gari yao ilikanyaga bomu kwa barabara.” Alijifuta uso kwa kiganja. “Iko kwa mochari. Ile tuliyookota.”

Ayikoru aliegemea nguzo. Akamtazama mbwa wake mlangoni, mbavu zikipanda na kushuka, mzee aliyefanya kazi yake bila kosa na ambaye angekufa njaa akiifanya.

“Kwetu mwanamke ambaye hapana lipiwa, bwana hapana mzika,” Romano aliendelea. “Na sisi hapana mzika, kwa sababu iko ya bwana. Iko katikati. Leta ng'ombe, tumzike, apumzike. Ng'ombe kumi.” Akasita, akainua kichwa. “Nani anafagia kwa nyumba?”

Muzamili alisogea mbali na mlango.

“Étienne,” Ayikoru alisema, “lipa. Mbwa hatatoka pale mpaka yeye aondoke. Lipa!”

Machozi ya Étienne yalikuwa yamechanganyika na mvua, na bado midomo yake, kwa mazoea ya maisha yote, ilianza kazi yake. “Baba, nakubali. Niko na kosa. Lakini biashara iko mubaya. Tuseme… tuseme nne kesho. Ingine tutaongea kisha maziko. Tano. Mwisho tano, baba, unihurumie.”

Ndani, ufagio ulisimama.

Soka alinyoosha shingo kuelekea gizani.

“Kumi,” alisema Keji.