Mkaaji wa Chumba cha Tatu

Haya, sogeeni karibu, maana hili silisimulii kwa sauti kubwa. Wala sitalitia chumvi. Lina chumvi yake ya kutosha.

Palikuwa na mthamini wa majengo wa halmashauri, kijana wa miaka thelathini na kitu. Wenzake ofisini walimwita Futi, kwa sababu ya ile futi ya chuma aliyoichomeka kiunoni hata siku za harusi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani akipima nyumba za watu ili halmashauri ijue nani alipe kodi ya kiasi gani. Kazi ya lawama hiyo! Ukigonga mlango, mwenye nyumba anakuangalia kama vile umekuja kuung'oa mlango wenyewe.

Jioni ile Futi alikuwa amekasirika mpaka kwenye masikio. Jua linazama, watu wazima wenzake wanarudi makwao, yeye anapanda mtaa uleule kwa mara ya tatu wiki ile ile, kwa ajili ya nyumba ileile moja. Nyumba ya bibi mmoja fundi cherehani. Na aliyemtuma ni mkuu wake wa kitengo, mama mwembamba wa miwani, ambaye kwa kupenda kwake neno moja walimwita Mama Rudia.

Mchana wa siku hiyo Mama Rudia alikuwa amelifungua faili mbele yake na kidole kikaganda kwenye tarakimu.

"Nje mita tisa," alisema. "Ndani, vyumba viwili, jumla mita tisa. Sawa. Halafu umeniandikia chumba cha tatu. Hicho cha tatu kimekaa wapi, juu ya bati?"

"Bosi, kimo kwenye faili la zamani. Mlango wake nimeuona kwa macho yangu. Umefungwa. Ndiyo nikanakili vipimo vya zamani."

"Rudia."

"Si tukifute tu, bosi, yaishe?"

"Chumba hakifutwi mpaka mthamini akiingie. Na hiki kimeandikwa kina mkaaji. Mkaaji naye hafutwi mpaka uandike amehamia wapi. Kanuni unazijua." Akamsukumia faili. "Kesho saa nne napeleka majina ya wanaoongezewa mkataba. Mwenye faili wazi simpeleki."

Basi hapo ndipo ilipomuuma. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Kajumba kao ka vyumba viwili walikuwa wamekajenga kwa miaka tisa, tofali leo, tofali mwakani, na walikuwa wamehamia juzijuzi tu. Mkataba ukikatika, mtoto atazaliwa baba hana mbele wala nyuma. Yote hayo kwa sababu ya mita tatu za ukuta!

Njia nzima alikuwa akimlaani mtu mmoja: mthamini aliyemtangulia, mzee mmoja mstaafu waliyemwita Makadirio. Huyo bwana, jamani, alikuwa anauthamini mtaa mzima akiwa ameketi kwenye benchi la kibanda cha soda. Nyumba ile vyumba vinne, ile vitatu, ile ina wapangaji wawili, anaandika tu huku anafyonza mrija. Na waliomfuata wakawa wananakili alichoandika, mwaka hadi mwaka. Hata Futi alinakili. Nani hanakili?

Bibi alikuwa barazani, nyuma ya cherehani yake. Pembeni palikuwa na godoro lililokunjwa. Futi alikuwa ameliona godoro lile mara zote tatu, ila leo ndiyo kwanza alijiuliza bibi mwenye nyumba yake analala barazani kwa nini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umerudi tena."

"Nimerudi, bibi. Na leo siondoki. Nataka ufunguo wa kile chumba."

Bibi akaacha kukanyaga cherehani. Majirani walikuwa wakimteta kwamba ni mchawi, anafuga jini ndani, ndiyo maana hana mgeni wala mjukuu wa kumtembelea. Futi alipomwangalia vizuri hakuona mchawi. Aliona mtu aliyechoka.

"Hakina ufunguo," bibi akasema, sauti imeshuka. "Nyumba yangu ilikuwa ya vyumba viwili. Marehemu mume wangu alijenga viwili. Akaja mwenzako, hakufika hata hapa barazani. Aliandika vitatu. Asubuhi nikaamka, nikaukuta mlango."

"Bibi..."

"Na akaandika kuna mtu ndani. Usiku wake, akaja."

Futi alitamani kucheka, lakini hasira zilimzidi. Yaani siku nzima anarushwa kama mpira, na huyu naye anamletea ngano! "Bibi yangu, mimi nina faili la kufunga. Nipishe."

"Nimeandika barua ofisini kwenu miaka kumi na moja," bibi akanong'ona. "Wananijibu, lazima mthamini aingie. Wote wanafika mlangoni, wanarudi. Ingia, baba. Nakuomba. Ingia umtoe."

Akaingia.

Sebule. Chumba cha kulala, kitanda kimejaa vumbi. Mwisho wa chumba, ukuta. Na kwenye ukuta huo, mlango mdogo wa mbao, hauna kitasa wala kitundu cha ufunguo. Futi alitoka nje akazunguka mpaka upande wa pili, kwa hasira tu, ahakikishe. Nje palikuwa na ukuta mtupu, kamba ya kuanikia nguo na mfereji wa maji machafu. Akapima tena. Mita tisa. Hakuna chumba pale. Hata choo kisingeenea.

Akarudi ndani. Harufu ilimpokea mlangoni... harufu ya lipu mbichi, kana kwamba ukuta umepigwa mchana huohuo. Akainua mkono agonge.

Kabla hajagonga, ndani mtu akakohoa.

Kikohozi cha adabu. Kile cha mtu anayekujulisha kwamba yupo.

Miguu ilimwambia toka. Akafikiria saa nne ya kesho, akafikiria tumbo la mkewe, akajikaza kisabuni. "Hodi," akasema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

"Karibu."

Mlango ukafunguka wenyewe, kwa upole.

Kilikuwa chumba cha mita tatu kwa tatu. Sawasawa na faili. Kuta zilikuwa zinatoka maji. Kitanda kimoja, dirisha moja, na nje ya dirisha hakukuwa na kamba ya nguo wala mfereji. Hakukuwa na kitu kabisa. Na juu ya kitanda alikaa mtu, ameelekea ukutani, mikono juu ya magoti.

Katika faili Makadirio alikuwa ameandika maneno matatu tu: mtu mzima mmoja. Jina hakuandika. Mwanamume au mwanamke, hakuandika.

Mtu mzima yule akageuka.

Futi hakuwahi baadaye kueleza alichokiona, na si kwa woga. Hapakuwa na cha kueleza. Mabega yalikuwepo. Shingo ilikuwepo. Kutoka hapo kwenda juu, pale ambapo jicho linatafuta pua na macho na mdomo, jicho lilikuwa linateleza, linakosa pa kushika.

"Unanihamisha?" mtu mzima akauliza.

Futi akachomoa kalamu. Akaikunjua fomu juu ya goti na kuandika: chumba cha tatu kimeingiwa, kifutwe. Akafika mstari wa chini. *Mkaaji amehamia.* Akaandika: haijulikani.

Wino haukushika. Alipitisha kalamu mara mbili, mara tatu... karatasi ikabaki nyeupe.

Mtu mzima akasimama. Alikuwa mrefu kuliko chumba, ila hakuinama.

"Andika mahali!" Bibi alinong'ona kutoka nyuma ya mlango. "Andika mahali, mjukuu wangu, usipoandika hatoki!"

Mahali! Mahali gani? Kila mahali palipomjia kichwani palikuwa na mtu analala. Na lipu ilikuwa inamdondokea mgongoni, baridi, na mlango alioingilia ulikuwa umekuwa mwembamba. Halafu, katikati ya woga, hasira ikampanda. Rudia. Rudia. Rudia! Yeye yuko kwake saa hizi, amevua viatu, anakunywa chai. Mwezi uliopita Futi alikuwa ameithamini barabara yote ya Mama Rudia, na namba za viwanja alikuwa nazo kichwani.

Akaandika: kiwanja namba themanini na saba.

Wino ukashika.

"Asante," mtu mzima akasema. Akapita karibu naye, karibu sana, unyevunyevu ukamgusa shavuni. Kisha Futi akajikuta amesimama chumbani mwa bibi, pua yake kwenye ukuta mkavu. Mlango hakuna. Alama ya mlango hakuna.

Bibi aliupapasa ukuta kwa viganja vyote viwili, akalia kwa sauti. Alipomaliza kulia, akauliza, "Umemwandika wapi?"

"Kwa mtu anayejiweza."

Bibi akajifuta machozi. "Mimi sikuwa na fomu," akasema. "Ningekuwa nayo, Mungu anisamehe, siku nyingi ningemwandika mtu." Kisha akaenda kuleta godoro lake ndani.

Asubuhi Mama Rudia alikuwa na mafaili arobaini mezani na dakika ishirini mkononi. Aliangalia vipimo tu. Tisa nje, tisa ndani. "Umeona? Inawezekana," akasema, akapiga muhuri. Saa nne jina la Futi likapanda ghorofani pamoja na mengine. Jioni mkewe alimpikia vizuri, na yeye alikula akijiambia kwamba ilikuwa homa, ilikuwa uchovu, ilikuwa giza la chumba kisicho na taa. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Siku ya kwanza Mama Rudia alikuja kazini kama kawaida. Ya pili alichelewa. Ya tatu alifika saa saba mchana, kiatu kimoja cheusi, kingine cha kahawia, na alipopita kati ya meza, watu waliinua nyuso wakanusa. Lipu mbichi.

Alimwita Futi kwa kidole. Faili lilikuwa wazi mbele yake.

"Themanini na saba," akanong'ona. "Ni kwangu."

Futi aliangalia faili, hakumwangalia usoni.

"Mama yangu mzazi nalala naye chumba kimoja. Ana miaka themanini. Anasema kuna mtu anamwamkia kutoka ukutani kila jioni. Ameacha kula." Alivua miwani, na Futi akaona kwamba bila miwani alikuwa mama wa kawaida tu, mwenye macho mekundu. "Nilikukosea nini, mwanangu? Hesabu ilikuwa haifungi. Nikakwambia rudia. Ndiyo kazi."

Aibu ilimwangukia Futi kichwani mpaka miguuni. "Bosi, nisamehe. Nitakuja leo hii. Nitaingia mwenyewe, nitakifuta, nitatafuta mahali..."

"Nimeshakifuta," Mama Rudia akasema. "Nilikuwa mthamini kabla wewe hujazaliwa."

Mbele yake palikuwa na fomu ya pili, mpya, imepigwa muhuri. Mstari wa chini alikuwa ameufunika kwa kiganja. Hakukiondoa, na Futi hakumwomba akiondoe. Anwani za watumishi wote zilikuwa kwenye kabati nyuma yake, na kabati lilikuwa wazi.

Simu ikatetemeka mfukoni. Mkewe.

"Mume wangu, mbona hukuniambia?" Alikuwa anaongea kwa kunong'ona, kama watu wanavyonong'ona mgeni akiwa karibu. "Umempangisha mtu chumba, mimi nakuja kushtukia tu? Na hicho chumba umekijenga lini?"

"Umeongea naye?"

"Amenikaribisha... Ameuliza mtoto atalala wapi."

Sasa mtoto wao ana miezi minne. Wanalala watatu sebuleni, mlango wa mbele wazi, na majirani wameanza kuwateta kwamba wanafuga kitu. Walijaribu kuhamia kwa dada wa mkewe. Usiku wa kwanza wakaukuta mlango ule kwenye ukuta wa dada, wakarudi kwao kabla hajaamka. Fomu tupu Futi anayo, imekunjwa mfukoni. Kalamu anayo. Mchana kutwa anagonga milango ya watu, wengine wanamtukana, wengine wanamfungulia mbwa, na kila namba ya kiwanja anaishika kichwani.

Kila jioni mkewe anamuuliza kama ameshapata pa kumwandika. Miezi ya kwanza alikuwa akimjibu kwa ukali kwamba hawezi kumfanyia binadamu mwenzake jambo lile tena.

Juzi hakujibu kwa ukali. Aliuliza mtoto ameshindaje, akavua viatu, akasema, "Bado nachagua."