Jino la Surafel

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mama hajawasha mkaa wa kahawa, kazi ya Wubalem ilikuwa kuchambua shayiri ya kolo, kitafunwa cha kahawa. Aliimwaga kwenye ungo, akaondoa mawe na makapi, kisha mama akaikaanga kwa ajili ya wageni. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili aliichukia kazi hiyo kuliko kufua. Jumamosi moja wenzake walimwita wakaruke kamba. Alitikisa ungo kidogo tu, akamwambia mama, "Tayari!" na huyo, mbio.

Wakati wa kahawa, mdogo wake Surafel alijaza kolo mdomoni, akatafuna. Kukasikika mlio. Alikuwa ametafuna jiwe. Wubalem alimvuta haraka nyuma ya nyumba, akamchungulia kinywani. Gego la chini, upande wa kushoto, lilikuwa na ufa.

"Mama akijua, mimi nimekwisha," alimnong'oneza. "Apa kwa Gabrieli kwamba hutasema."

"Naapa kwa Gabrieli," Surafel alijibu huku machozi yakimtoka. Katika mtaa wao mjini Dessie, Ethiopia, mtu hakuapa kwa malaika huyo halafu akageuka.

Wiki zilipita, na shavu la Surafel likaanza kuvimba. Mama hakuwa na shaka.

"Mlafi wewe! Unalamba sukari kwa kujificha, sasa meno yameoza. Asali usiiguse tena!"

Surafel aliinamisha kichwa, hakujitetea hata kidogo. Wubalem alikuwa amekaa pale pale. Alijua kwamba mdogo wake anatukanwa kwa ajili yake, na bado akanyamaza. Usiku alijiona mtu mbaya kabisa.

Uvimbe ulipozidi, mama aliwachukua wote wawili mpaka kliniki ya meno. Daktari Hirut alimgonga Surafel meno taratibu kwa kijiti cha chuma. Kila alipogusa upande wa kushoto, mtoto aliruka.

"Linalouma hasa ni lipi, kijana?"

"Sijui, daktari."

"Ulitafuna kitu kigumu?"

Surafel alimtupia dada yake jicho, akatikisa kichwa.

"Ni sukari, daktari," mama alidakia. "Huyu namjua mimi."

"Tutazame kwa eksirei. Kwa macho naona sehemu ya jino iliyo nje tu, tena fizi iliyovimba inaificha. Mizizi iko ndani ya mfupa, na pale meno yanapobanana sipaoni vizuri."

Alimvika Surafel aproni nzito ya kumkinga na mionzi, akamwekea kibao kidogo kinywani, akamwambia akiume. Punde picha ikatokea kwenye kompyuta.

"Picha hii ya kuuma huonyesha meno ya juu na ya chini yanapogusana. Sukari hupenda kutoboa hapo. Mtoto wako hana tundu hata moja, mama."

Mama alikunja uso. "Basi mpige picha kwa ile mashine inayozunguka kichwa."

"Hiyo huonyesha taya lote, hata meno ambayo hayajaota. Mionzi yake ni kidogo, lakini mtoto simpigi picha kwa kubahatisha. Ningejua ni jino gani, ingetosha picha ndogo ya jino hilo mpaka ncha ya mzizi. Na tusikawie. Haya ni magego ya ukubwani, liking'olewa halioti jingine."

Wubalem alisogea mbele. Hakuweza kuvumilia tena.

"Ni gego la chini, la kushoto. Lina ufa," alisema. "Alitafuna jiwe, mama. Sikuichambua shayiri. Mimi ndiye niliyemwapisha asiseme."

"Mimi sijasema kitu!" Surafel aliruka kwa hofu. "Kasema mwenyewe!"

Daktari alipiga ile picha ndogo. Kwenye ncha ya mzizi kulikuwa na kivuli cheusi.

"Hapa ndipo penye usaha," alisema. "Mmewahi. Nitasafisha ndani ya mzizi na kuliziba jino. Halitang'olewa."

Mama alimkumbatia Surafel kwa muda mrefu. "Nisamehe, baba. Nimekuonea." Kisha akamgeukia Wubalem.

"Jiwe lingeweza kumponyoka yeyote, hata mimi. Lakini ulimwacha mwenzako aumwe na atukanwe, ukamfunga mdomo kwa kiapo. Mashine ya daktari inaona ndani ya mfupa, ila ulichokificha wewe isingekiona kamwe. Ukikosa, mwanangu, sema mapema, mtu asije akaumia kwa ajili yako."

"Nimekosa, mama. Surafel, nisamehe."

Surafel alikuwa anaitazama sindano ya ganzi mkononi mwa daktari. "Nishike mkono kwanza, dada."

Wubalem alimshika, akalia kuliko mgonjwa mwenyewe.